Kijana wangu wa miaka 16 hataki tena Misa. Nimlazimishe mpaka lini?

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, Dar es Salaam. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa. Mdogo ni binti wa miaka 14, na mwaka huu yuko kwenye mafundisho ya Kipaimara. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo na nipo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tangu nilipoolewa. Nayasema haya usije ukadhani sisi ni watu wa Krismasi na Pasaka tu.

Shida yangu ni Jumapili. Huwa tunasali Misa ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na nusu watu wote wawe wameamka. Zamani haikuwa kazi. Siku hizi kumwamsha huyu wa kiume ni vita. Naita mara ya kwanza, kimya. Naita tena, "nakuja." Nawasha taa, anajifunika shuka gubigubi. Mwisho navuta shuka lenyewe, naye anakaa kitandani kanuna, hasemi neno. Tukifika kanisani masomo yameshaanza, na yeye anabaki nje chini ya mwarobaini mpaka matangazo.

Mwezi uliopita aligoma kabisa. Alisema, "Mama, mimi siendi. Nikienda nakaa tu." Nikamnyang'anya simu wiki nzima. Jumapili iliyofuata akaja, akakaa mwisho wa benchi amekunja mikono. Hakuimba, hakuitikia hata Amina. Benchi letu lilipoanza kutoka kwenda Komunyo nikampiga kiwiko, akatoka, akapokea. Nilimshukuru Mungu. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Umefurahi sasa?"

Sababu zake hazieleweki. Leo padre anahubiri hela tu. Kesho Mungu yuko kila mahali, hata kitandani. Keshokutwa, "mbona baba haendi?" Hapo hukosa jibu, maana mume wangu ni Mkatoliki, ndoa tulifunga kanisani, lakini Jumapili yeye hutushusha getini akaenda kuosha gari, halafu huja kutuchukua Misa ikiisha. Au niseme mnada ukiisha, kwa sababu mimi hubaki kwenye mnada wa sadaka, kuku na mikungu ya ndizi ile, na kama kuna kikao cha WAWATA tunakaa kidogo.

Kinachonichanganya ni kwamba huyu mtoto alikuwa mtumikiaji wa altareni! Baada ya Komunyo ya Kwanza akaingia utumikiaji, na kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe kila Jumamosi jioni, dada yake haruhusiwi hata kuigusa. Kipaimara alipata vizuri tu. Halafu mwaka jana katikati, siku moja akaifua ile kanzu, akaikunja akaitia kwenye mfuko, akasema anairudisha. Nikamuuliza kulikoni, akasema ameshakua, anawaachia wadogo. Nikaona sawa. Tangu hapo ndiyo haya. Lakini Desemba tukienda Kibosho, Kilimanjaro, kwa bibi yake, anaamka mwenyewe alfajiri na binamu zake, wanakwenda parokiani kwa miguu, hakuna wa kumsukuma. Tukirudi Dar, yale yale.

Nimemsimulia habari za Mtakatifu Kizito, kwamba mwenzake alikufa kwa ajili ya imani na miaka 14, na yeye kuamka tu kunamshinda. Nimemwambia asiposali jumuiya haitamzika. Anacheka. Na juzi mwenyekiti wa jumuiya kaniuliza mbele za watu, "Mweka hazina, yule kijana wako mbona hatumwoni?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mdogo wake hanisumbui. Anaamka, anavaa, anakaa na wenzake wa Kipaimara. Ninachoogopa ni asije akaiga.

Mama, nimlazimishe mpaka lini? Na asiposali, dhambi ni yangu? Wenzangu wengine wananiambia mwache, atarudi mwenyewe. Wengine wanasema nikimlegezea nimempoteza. Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Monika, na kila Jumamosi tunamwomba atuombee watoto wetu, lakini wa kwangu naona anazidi kwenda.

Mama wa Wawili, Kimara

*

Milele na milele, mwanangu. Marahaba.

Kabla ya kulazimisha na kabla ya dhambi, turudi kwenye jambo uliloliandika kwa kupita. Mtoto aliyekuwa anapiga pasi kanzu mwenyewe, aliirudisha siku moja bila maelezo ya maana. Mtoto huyohuyo akiwa Kibosho anaamka bila kuitwa. Yaweke haya mawili pamoja. Kama ugomvi wake ungekuwa na Mungu, au na usingizi, au na mahubiri, ungemfuata mpaka mlimani; na mahubiri ya huko, nijuavyo, si mafupi. Kinachobaki ni parokia yenu ya Dar. Huenda kuna kitu hapo, au mtu, ambaye mwanao hataki kukutana naye.

Mara nyingi kitu chenyewe ni kidogo machoni pa sisi wakubwa. Alipiga kengele mahali si pake akafokewa sakristia mbele ya wenzake. Alirefuka ghafla, kanzu ikaishia kwenye ugoko, wasichana wa kwaya wakacheka. Kijana wa miaka 15 anaweza kulihama kanisa kwa jambo la namna hiyo na asikwambie milele. Lakini inawezekana pia ni kikubwa, kwamba mtu mzima, awe nani, alimshika au alimwambia jambo asilopaswa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema mtoto akiacha ghafla kitu alichokipenda, na sababu anayotoa ni ya juujuu, mzazi anauliza. Na ikiwa kitu hicho kiko kanisani, basi anauliza hasa, maana huko ndiko tunakowaacha watoto bila kuwaza mara mbili.

Usimwite sebuleni ukamkalisha, ataona kesi. Mpate mkiwa wawili tu na mikono ina kazi: mnachambua maharage, au mko kwenye daladala mnakwenda sokoni, mahali ambapo halazimiki kukutazama usoni. Mwambie, "Siku ile uliporudisha kanzu sikukuuliza vizuri. Kuna mtu alikuudhi? Kuna mtu alikufanyia jambo baya? Ukiniambia sitapiga kelele, na sitafanya chochote bila kukwambia kwanza." Kisha nyamaza. Asiposema siku hiyo, usimbane, na wala usirudie swali hilo kila Jumamosi usiku kama kengele. Amesikia kwamba unaweza kuulizwa na unaweza kuambiwa.

Akisema kuna aliyemdhuru, mwamini, mwambie kosa si lake, andika maneno yake kama alivyoyasema, na usimpeleke kukabiliana na mtu huyo. Usikubali pia lile shauri la "tuyamalize hukuhuku." Piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Ndani ya Kanisa nako, tangu mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia rasmi ya kupokea taarifa za namna hiyo. Taarifa kwa jimbo inakwenda pamoja na ya polisi, haichukui nafasi yake.

Ikiwa ni jambo dogo, zungumza na paroko, au na mlezi wa watumikiaji kama si yeye aliyefoka. Hata mkibadilisha kanisa kwa muda, hamjavunja sheria yoyote. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema mtu anatimiza amri ya Dominika popote panapoadhimishwa Misa ya Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya siku inayotangulia. Mabasi ya Morogoro Road yanapita makanisa mangapi kutoka Kimara mpaka mjini?

Sasa dhambi. Kanuni ya 1247 inawadai waamini kushiriki Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa, na sheria za Kanisa zinamhusu mbatizwa mwenye akili timamu aliyetimiza miaka 7. Wajibu huo kwa hiyo ni wa mwanao mwenyewe tangu alipokuwa darasa la kwanza au la pili. Wa kwako ni ule ulioahidi siku ya ubatizo wake, kumlea katika imani: umfundishe, umpeleke, akuone na wewe ukisali. Umefanya. Akifika kanisani akakunja mikono, hilo utamwachia yeye, Mungu na padre wa kitubio.

Na kulazimisha? Mimi si wa kundi la "mwache, atarudi mwenyewe." Kanisa linamhesabu mtu kuwa mzima akitimiza miaka 18, na hadi hapo yuko chini ya wazazi wake. Hakuna anayemuuliza mtoto wa miaka 16 kama anajisikia kwenda shule Jumatatu. Nyumba ina taratibu zake, na kusali Dominika kunaweza kuwa mojawapo, na ukaisema bila kuomba radhi: "Nyumba hii Jumapili tunasali, mpaka utakapokuwa na nyumba yako." Mara moja, kwa sauti ya kawaida. Simu usiiunganishe na Misa. Ukimnyang'anya simu kwa sababu ya Misa, anachojifunza ni bei ya Misa, na siku atakayokuwa na hela ya kununua simu yake mwenyewe hamtakuwa na la kuzungumza.

Ila kuna mpaka, mwanangu, na kile kiwiko kiliuvuka. Kumleta mtoto kwenye benchi ni haki yako. Kumtoa kwenye benchi kwenda kupokea Mwili wa Bwana si yako, wala ya mwenyekiti, wala ya paroko. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu ajichunguze kwanza, ndipo aule mkate huo. Kijana aliyekaa na hasira toka mwanzo wa Misa, ambaye pengine hajaungama mwaka mzima, wewe unamsukuma kwa sababu benchi zima linatoka na yeye akibaki peke yake watu wataona. Acha abaki. Acha waone. Kitubio nacho vilevile. Muda wa maungamo unaweza kumtajia, lakini foleni usimshikie. Sheria ya Kanisa inakataza kumlazimisha yeyote kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake, na "Umefurahi sasa?" ni maneno ya mtu aliyeguswa dhamiri, hata kama hajui hivyo. Kijana asiyejali kabisa angepokea, akasahau kabla hajafika nyumbani.

Halafu, hebu tuihesabu Jumapili yenyewe. Unamwamsha saa kumi na nusu, wakati vijana wa umri wake, ndivyo miili yao ilivyo, usingizi unawajia usiku sana na asubuhi unagoma kuondoka. Misa. Matangazo, na majina ya bahasha yakisomwa. Mnada wa kuku. Kikao cha "kidogo," ambacho wewe na mimi tunajua kikoje. Mnafika nyumbani saa ngapi? Saa tano? Katika muda wote huo Misa yenyewe ni sehemu ndogo, lakini kwa mwanao vyote hivyo vinaitwa Misa. Vitenganishe. Misa haina mjadala. Vingine vyote vina mjadala: saa ya kusali, kanisa la kusali, kukaa nawe au kukaa na wenzake, kubaki kwenye mnada au kupanda bajaji kurudi. Mwite mkae mezani, umwambie achague, na akichagua Misa ya tatu usiseme kwamba Misa ya kwanza ndiyo yenye baraka. Mkikuta parokia jirani ina Misa ya Jumamosi jioni ya kuamkia Dominika, nayo inahesabika, na Jumapili alale.

Kesi ya padre na hela usiikatae yote. Kama kweli Jumapili iliyopita mchango ulizungumzwa kuliko Injili, mwambie, "Ndiyo, hata mimi nilichoka." Mtoto akikukuta unatetea hata kile ulichokisonya mwenyewe kwenye gari, hatakuamini ukitetea Ekaristi. Na hayo mazungumzo ya kwenye gari mkirudi, nani kavaa nini, nani kaahidi nini hajatoa, anayasikia yote akiwa siti ya nyuma.

Mume wako nimemchelewesha kwa makusudi. Mwanao anapouliza mbona baba haendi, swali hilo si lako. Jibu ni "Muulize baba," na lisemwe bila kijembe. Baba aulizwe na mwanawe wa kiume, ana kwa ana, atafute la kusema. Kabla ya hapo zungumza naye usiku, nyie wawili, usimwombe arudi kanisani kwa ajili yako, umeshamwomba vya kutosha naamini. Mwombe kitu kimoja: ampeleke kijana Misa ya tatu wao wawili, wewe na binti mkiwa mmeshasali ya kwanza na mko kwenye vikao vyenu. Gari lioshwe Jumamosi. Wakimaliza wanywe chai na chapati mahali, warudi wakitaka. Mwanaume ambaye hawezi kukaa benchi moja na mkewe akihesabiwa Komunyo ngapi kakosa, anaweza kukaa na mwanawe aliyekunja mikono. Pengine na yeye atakunja. Si vibaya kwa kuanzia.

Umemtaja Kizito, na jumuiya yenu ni ya Monika. Watakatifu hawa tunawatupia watoto bila kuzisikiliza habari zao hadi mwisho. Kizito alikuwa mtumishi mdogo katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mbali na kwao. Aliyemwangalia pale, akamfundisha dini na kumkinga na mabaya ya ikulu, akambatiza walipojua kifo kimekaribia, ni Karoli Lwanga, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, kiongozi wa watumishi wenzake. Juni 3, 1886 Namugongo, wote wawili walikufa. Mama yake Kizito hayumo katika simulizi hilo. Na Monika? Alimfuata mwanawe Augustino kila mahali akilia, mpaka askofu mmoja aliyeombwa aongee na kijana akakataa, akamwambia amwache, amwombee tu. Aliposisitiza, akamjibu kwamba mwana wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Huko Karthago Augustino alimdanganya mama yake, akamwacha anasali, akapanda meli usiku kwenda Roma. Aliyemleta mpaka kwenye maji ya ubatizo, Milano mwaka 387, akiwa na miaka 32, alikuwa Askofu Ambrosi, ambaye Augustino alianza kumsikiliza kwa sababu tu alipenda namna anavyozungumza.

Kwa hiyo tafuta Lwanga wa mwanao, na nadhani umeshamtaja: hao binamu wa Kibosho. Yupo mmoja aliyekuja Dar kwa chuo au kwa kazi? Mwombe awe anampitia Jumapili, wasali naye huko anakosali, au wakacheze mpira na vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, baada ya Misa. Mjomba kijana pia anafaa. Shuleni kwao muulize kama kuna TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Wapo wanafunzi ambao nyumbani hawasemi Baba Yetu lakini shuleni ndio wanaoongoza sala. Awe mtu unayemfahamu, na mahali penyewe pawe pa wazi. Wewe kazi yako hapo ni nauli.

Ameshafika kidato cha tatu. Mwakani anafanya mtihani wa kidato cha nne, na akifaulu anaweza kupangiwa kidato cha tano Tabora au Songea, bweni, hakuna mama wa kuvuta shuka. Jumapili ya kwanza ya huko ndiyo ninayoiwazia kuliko hizi za Kimara, ndiyo maana nakuhimiza umpe nafasi ya kuchagua kitu sasa akiwa bado mezani kwako.

Lile la kuzikwa, lifute. Sheria ya Kanisa inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioikana imani hadharani, na wengine wa aina hiyo wasioonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Kijana anayelala Jumapili hamo. Najua jumuiya zetu zina desturi zao za kadi na mahudhurio, na najua wako wazazi waliosumbuliwa msibani. Lakini mtoto wa miaka 16 hafikirii kufa. Unapomtishia jeneza anasikia kwamba Kanisa ni chama cha kufa na kuzikana, na chama hicho hakihitaji bado.

Sasa binti, na hapa utanisamehe nikikuongezea wasiwasi. Yule asiyekusumbua ndiye ambaye hujaniambia chochote kumhusu. Wa kiume najua anachofikiri kuhusu mahubiri, Mungu na baba yake. Wa kike najua anavaa. Katika Injili ya Matayo baba anawaambia wanawe wawili wakafanye kazi shambani. Mmoja anasema sitaki, baadaye anakwenda. Mwingine anasema ndiyo bwana, haendi. Sisemi binti yako ni huyo wa pili. Muulize tu. Kipaimara kinamtaka anayepokea awe amefundishwa, awe na nia, na aweze kurudia mwenyewe ahadi za ubatizo. Kadi iliyojaa sahihi za katekista inaonyesha mahudhurio peke yake. Uliandika kwamba kaka yake alipata Kipaimara "vizuri tu." Kulikuwa na mtu aliyemuuliza kama anakitaka? Muulize dada yake mkiwa mnasukana, anaamini nini, anasali akiwa peke yake, kuna kinachomkera. Akijibu "sijui," usiruke. Ni jibu zuri kwa miaka 14, na bado kuna muda wa kuzungumza na katekista, hata wa kusubiri mwaka mwingine kama ndivyo anavyotaka. Sare ya sherehe itakayobaki kabatini haiozi.

Kwa Jumapili hii inayokuja basi, usivute shuka. Jumamosi mchana mwambie umebadilisha: achague Misa ya pili au ya tatu, aende na baba kama baba amekubali, na Komunyo ni yake kuamua. Zungumzo la kanzu lifanye wiki hiihii, lisingoje. Ukipata jibu zito, niandikie tena, ila 116 kwanza, mimi baadaye.

Na mwenyekiti akikuuliza tena mbele za watu, mwambie kijana hajambo, siku hizi anasali Misa ya tatu, kisha msome hesabu za mfuko wa jumuiya.